Rimoti ya mama inapasha chumba cha wageni

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wa Ipuli hapa Tabora mliyenifungia AC ya joto na baridi mwezi wa tano, mashine moja nje na tatu ndani, yaani sebuleni, kwa mama na chumba cha wageni. Mnanikumbuka tu, maana yule dada wa mapokezi akisikia sauti yangu anasema "subiri kidogo kaka" hata sijajitambulisha.

Najua kuna anayecheka, Tabora na kupasha nyumba wapi na wapi. Njooni mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri, huku tupo juu kama mita 1,200, mchana jua kali lakini alfajiri baridi inauma na mama yangu ana magoti. Nilinunua kwa ajili yake, sie wengine tunajifunika.

Sasa tatizo. Usiku nikiwasha ya mama peke yake, joto 25, kibawa cha kutolea upepo kinafunguka, taa inawaka, upepo hautoki. Dakika ishirini hola, baadae taa inaanza kupepesa na ile ya nje inazima. Fundi wenu wa kwanza kaja kajaza gesi, elfu themanini, bila mzani, bila kutafuta inapovujia. Jamani gesi ya AC sio mafuta ya bodaboda kwamba inatumika inaisha, ikipungua ujue kuna sehemu inavuja, sasa kama haivuji umejaza nini? Wa pili akasema umeme mdogo ninunue stebilaiza, nikanunua. Wa tatu akasema watoto wanachezea rimoti, huyu kaweka baridi yule kaweka joto ndo maana inagoma. Kweli mashine hii ya nje haitoi joto na baridi kwa mpigo, ila mimi sina mtoto wa kuchezea rimoti, wa mwisho yuko bweni.

Na kila wakija inafanya kazi! Wanawasha zote tatu, zinapuliza joto safi, wananisainisha karatasi, wanaondoka, mimi naonekana mzushi.

Jumamosi nikahangaika mwenyewe. Nikazima zote nikawasha ya mama tu, nikaanza kuzunguka nyumba nagusa kila kitu. Chumba cha wageni hakuna mtu, mashine imezimwa, naigusa hivi, moto! Mtasema iliyozimwa kupata uvuguvugu ni kawaida, sawa, ila ile ilikuwa kama pasi iliyotoka kuzimwa, na kule nje bomba nene la shaba la wageni linaunguza wakati la mama limepoa kabisa. Nikageuza, nikawasha ya wageni tu, ikapata moto ya mama. Yaani mmepishanisha. Waya wa mama mmeufunga sehemu yake, mabomba yake mkayafunga sehemu ya wageni, kwahiyo rimoti yake inafungulia gesi chumba kingine, mashine yake inasubiri ipate joto ndo ipulize, joto haliji, na kule lilikoenda hakuna feni ya kulitoa, presha inapanda mpaka ile ya nje inajizima. Zikiwashwa zote tatu kila njia iko wazi, kosa halionekani, na hata siku ya kufunga mlijaribu hivyohivyo, zote kwa pamoja, nilikuwepo.

Sasa hivi ili mama alale vizuri nawasha mbili, luku inakimbia kupasha kitanda kisicho na mtu.

Ninachotaka: fundi aje, azime swichi kubwa, apishanishe zile waya kwenye mashine ya nje, halafu awashe chumba kimoja kimoja nikiwa nimesimama hapo. Ni kazi ya nusu saa, ningeifanya mwenyewe ila waranti yenu inasema nikifungua skrubu imekufa. Mnirudishie 80,000 ya gesi na 60,000 ya nauli za mafundi wawili wa mwisho. Na hiyo gesi itolewe ipimwe, kiwango kimeandikwa ubavuni mwa mashine, maana ikizidi nayo inaua kompresa na sitaki mwakani niambiwe nimeiharibu mimi. Stebilaiza nitabaki nayo, nitaifungia friji.

Fundi asije mchana. Alale mjini, saa kumi na mbili asubuhi awe mlangoni, chai ya mama itakuwa tayari.

Mteja wenu,
Ipuli, Tabora