Tuwatembeze wazee wetu, tusiwakalishe kwenye kochi siku nzima

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee wazee wetu kukosa usingizi, maana hapa Moshi ukikaa na mtu yeyote anayeishi na mzazi nyumbani utasikia hilohilo, mama halali, baba anazunguka usiku kucha, tumpeleke wapi sasa.

Mimi naona shida kubwa ni hii heshima yetu ya kumkalisha mzee. Mzee katoka kijijini Kibosho au Uru, huko kihambani, yaani shambani kwake nyumbani, alikuwa anaamka alfajiri anakata majani ya ng'ombe, anashuka bondeni anapanda tena na mkungu wa ndizi, Jumapili kanisani kwa miguu kwenda na kurudi. Siku tunamleta mjini akae na sisi kila anachoshika anaambiwa baba acha, pumzika, dada atafanya. Basi ni kochi na tivii. Saa nne asubuhi kidevu kiko kifuani, rimoti mkononi, anakoroma, mchana baada ya chakula hivyohivyo, halafu saa nane usiku taa ya korido inawaka unasikia ndala zinaburuzwa kuelekea jikoni na watu wanaanza kunong'ona mzee karogwa. Hajarogwa jamani, mwili haujafanya kazi na usingizi kaumaliza mchana!

Ni kweli uzee nao unapunguza ule usingizi mzito, na wazee wengi husinzia mapema na kuamka mapema, hilo la kawaida. Ila sio sababu ya kukimbilia vidonge vya usingizi. Hili ndio linaniuma zaidi. Kuna bibi jirani yetu wajukuu walimnunulia diazepam duka la dawa, hakuna cheti hakuna nini, usiku kaamka kwenda chooni miguu haimtii, kaanguka mlangoni kavunjika nyonga. Dawa za kundi hilo wataalamu wanashauri ziepukwe kwa watu wa miaka 65 na zaidi, nyingine kama hiyo diazepam zinakaa mwilini muda mrefu, na zinaleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Na kama mzee wako ameshazizoea usimkatishe ghafla, muone daktari azipunguze taratibu.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walitoa matokeo ya watu 43 wa miaka 50 hadi 76 waliokuwa wanalala vibaya na hawana mazoezi. Waliofanyishwa mazoezi ya wastani, ikiwemo kutembea haraka, kama dakika 30 hadi 40 mara nne kwa wiki, baada ya wiki 16 walikuwa wanapata usingizi haraka na kulala muda mrefu kuliko wale walioachwa kama walivyo. Wiki 16, yani kama miezi minne, kwa hiyo ukimtembeza mama siku tatu ukaona bado anaamka usiku usikate tamaa.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kubalansi mwili, na mzee asiyeweza zote afanye anachoweza. Mtoke naye asubuhi jua likiwa bado jepesi, ule mwanga nao unausaidia mwili kujua mchana ni upi na usiku ni upi. Mwenye magoti mabovu akae kwenye kiti kigumu asimame, akae tena, asimame, taratibu akiwa ameshika meza. Mwache apalilie mchicha wake, afagie uwanja, asinyang'anywe jembe! Akisikia kifua kinabana au kizunguzungu aache hapohapo aende hospitali. Kahawa, najua huku kwetu ni ngumu, lakini ikishafika mchana imtoshe. Na dawa ya presha inayokojoza muulizeni daktari kama anaweza kuinywa asubuhi.

Sasa ombi langu ni kwa klabu za jogging. Jumamosi alfajiri mnapita mitaani na filimbi na nyimbo raha kabisa, tunawapenda, lakini mzee wa miaka 70 hawezi kuwafuata. Tengeni kundi la wanaotembea tu, njia fupi isiyo na kilima, mbali na bodaboda, na kijana mmoja wa kutembea nao nyuma. Mama yangu yuko tayari na raba zake anazo, mkianza tu tangazeni hapa gazetini tumlete.

Msomaji wenu,
Soweto, Moshi