Barua ya wazi kwa wajukuu wanaonunua chupa ya siku saba

Wajukuu zangu wa Unguja na Pemba, assalamu alaykum.

Nawaandikia kipupwe hiki kwa sababu ya chupa. Zile chupa za maji zilizobanduliwa karatasi, zikajazwa kitu cheusi, zikatangazwa kwenye simu: husafisha mwili siku saba, huondoa sukari, presha, gesi na mafuta. Jina la mti hakuna, kipimo hakuna, tarehe ya kupikwa hakuna. Na mnanunua! Muhogo wa sokoni mnauvunja ncha muutazame moyo wake kabla ya kutoa pesa, lakini hiki mnakigugumia kama togwa.

Ukinywa dawa ya namna hiyo ukaharisha mara sita kwa siku, shuku sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kweli, ya mtu aliyefunga choo: hunywa usiku, asubuhi akapata choo, akaacha. Ukiinywa mfululizo, kinachotoka si "uchafu wa miaka". Ni maji yako, pamoja na madini ya potasiamu ambayo moyo unayategemea upige sawasawa. Wapo wagonjwa wa presha wanaomeza vidonge vya kukojosha, na baadhi ya vidonge hivyo navyo hupunguza potasiamu. Akiongeza chupa juu yake, miguu inalegea, moyo unaruka mapigo, na muuzaji anamjibu, "Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi, vumilia." Avumilie nini? Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, nazo hazijagoma.

Na asiyesamehewa kabisa ni yule anayewaambia muweke kando vidonge vya hospitali. Presha haiumi. Mtu huacha dawa mwezi mzima, akajiona mzima, mpaka siku mdomo unapokwenda upande.

Sasa miti. Sijasema muitupe, nasema mjue kuitumia, kwa msimu wake.

Huu wakati wa baridi ya kusi, kifua na mafua yanapoanza, pikeni chai ya tangawizi. Tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, iponde, itie katika bilauri tatu za maji, ichemke dakika kumi. Mzizi na gome hutaka moto. Jani halitaki: mchaichai au mrehani utie baada ya kuepua, ufunike dakika nane. Mkiuchemsha sufuria wazi, ile harufu inayojaa ua mzima ndiyo dawa yenyewe inayokwenda zake, nanyi mnabaki na maji ya majani. Karafuu mbili zinatosha. Mdalasini tumieni wa mashamba yetu, ule mwembamba uliojikunja tabaka kwa tabaka kama karatasi, unaovunjika kwa vidole. Ule mnene, mgumu, wa tabaka moja, una kumarini nyingi, kemikali ya asili iliyomo ndani ya gome, na ukinywewa kila siku kwa wingi hulemea ini.

Halafu mnafanya nini? Mnatia sukari vijiko vinne! Dawa ya kifua imegeuka sharubati ya moto, na pembeni yake maandazi matatu. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vinne kila kimoja, ni vijiko kumi na viwili, na bado hujafika kwenye kaimati wala soda ya harusini. Kisha mnauliza uwatu unashusha sukari? Unashusha kidogo, ndiyo, na kwa anayetumia dawa za kisukari unaweza kuishusha kupita kiasi akatetemeka na kutoka jasho. Lakini hauwezi kushindana na kijiko. Punguzeni nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, baada ya miezi miwili chai ya zamani itawachukiza.

Nasi wazee tuna lawama hapa. Tumefundisha kwamba heshima ya mgeni ni soda baridi, na asiyeiweka mezani anaonekana bahili. Dafu limeachiwa watalii.

Mengine kwa ufupi. Masika, chemsheni maji. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kufuta juu, mnyweshe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya. Joto la kaskazi, dafu au ukwaju usiotiwa sukari. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza kuhusu dafu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ya urojo. Kutembea dakika thelathini, siku tano kwa wiki. Kulala mapema. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mafuta ya karafuu mtoto asinyweshwe hata tone, na sufuria ya kujifukizia isiwekwe karibu naye.

Na mwenye mimba, au anayetumia dawa yoyote ya hospitali, aseme kwa daktari jina la mti anaokunywa. Kama muuzaji hakumtajia jina, hana cha kusema. Asinywe.

Mchaichai msinunue. Ombeni kipando kwa jirani, chenye mizizi yake, mkipande pale maji ya kuoshea mboga yanapomwagwa, hatua moja kati ya shina na shina. Baada ya miezi minne mnaanza kukata, kiganja kimoja juu ya ardhi, msiling'oe shina.

Bibi yenu