Mfumo wa bure nao hufagiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Mimi ni karani mstaafu wa ofisi ya kutolea mizigo bandarini hapa Tanga, naishi Ngamiani, na cheti cha kompyuta sina hata kimoja. Nilicho nacho ni kompyuta kuukuu tatu pale sebuleni, ambazo mke wangu anaziita wake wenza. Zote zinaendeshwa na Debian, mfumo endeshi wa chanzo huria wa familia ya Linux, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, mtaani kwetu nasikia kauli mbili. Moja inasema mashine za zamani sasa ni za kupima kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Hiyo siijibu, maana barua hii naiandika kwenye mashine ambayo Windows 11 haiitaki kabisa. Ya pili ni ya vijana: "Mzee, weka Linux, ni bure, umemaliza." Bure ni kweli. Hilo "umemaliza" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mapenzi yangu na mambo haya yalianza 2006. Siku hizo Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux alioanzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ukiiomba unatumiwa CD kwa posta bila kulipia hata stempu. Tayari nilikuwa nimezoea Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kwa hiyo sikuogopa. Bahasha ilipofika niliitwa dirishani, nikaifungua palepale posta kama mtoto wa Idi.

Sasa niwaeleze usiku mmoja wa Agosti 2023. Debian 12 ilikuwa imetoka Juni, nikaamua kupanda kutoka toleo la 11. Nilianza saa tano usiku kwa sababu bando la usiku ndilo ninaloliweza. Vifurushi vya programu vikashuka, vikaanza kujipanga kimoja kimoja, nami nikikodolea macho mistari inavyopita. Saa saba na kitu, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ile ilishakufa zamani, kwa hiyo nayo ikazimika papo hapo. Mke wangu akasema gizani, "Haya, nenda kamliwaze mwenzio."

Umeme ulirudi alfajiri. Nilipowasha, kioo kikaleta maandishi meupe kwenye weusi, neno initramfs, yaani mfumo umekwama kabla ya kuwaka, na agizo la kuendesha fsck, programu ya kukagua diski, kwa mkono. Hapo ndipo wengi wanapoibeba mashine kwa fundi na kuambiwa diski imekufa. Haikufa. Ilikatizwa ikiwa katikati ya kuandika, na inaomba ikaguliwe kabla ya kuendelea. Niliandika fsck -y na jina la sehemu ya diski. Hiyo -y maana yake unakubali kila rekebisho bila kuulizwa, na nisingethubutu kama sikuwa nimenakili faili zangu zote kwenye diski ya nje jioni ile. Ikarekebisha, nikawasha upya. Kisha dpkg --configure -a, yaani malizia vifurushi ulivyoviacha njiani, na baada yake apt --fix-broken install, yaani rekebisha vilivyovunjika. Saa mbili asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwa kachori mbele ya mfumo mpya, macho mekundu kama mvuvi.

Mambo madogo nayo yana vituko vyake. Hewa yetu ya chumvi inashambulia miguu ya ramu, kile kibao cha kumbukumbu, mashine inapiga mlio na kukataa kuwaka. Naichomoa, naisugua kwa kifutio cha penseli cha mjukuu, inarudi. Kuna mwaka apt, programu inayoleta na kusasisha vifurushi, ilikataa kusasisha chochote, inadai faili ya orodha "bado haijaanza kutumika". Nilihangaika siku mbili. Kumbe kibetri cha CR2032 kwenye ubao kilikuwa kimekwisha, umeme ukikatika saa ya mashine inarudi nyuma miaka, na huduma ya kusawazisha saa kupitia intaneti nilikuwa nimeizima mwenyewe kwa kujitia ujuzi. Kibetri nilikipata kwa fundi saa kwa shilingi 1,500. Aibu sikuilipia.

Lililonisaidia kuliko yote ni apt-cacher-ng, na nashangaa halisemwi. Mashine moja inaweka akiba ya kila kifurushi kilichopakuliwa, na zile mbili zinachukua hapohapo nyumbani kwa waya, bila kwenda tena intaneti. Ni kama kununua fungu moja la samaki sokoni Deep Sea, nyumba tatu zikagawana. Bando linalipiwa mara moja.

Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo, na ndivyo vijana wengi walivyo na Linux. Jumatatu Mint, Alhamisi Fedora, zote aina za Linux, Jumapili wamerudi kwenye Windows isiyo na leseni na virusi vyake, kisha wanasema Linux ngumu. Hawakukaa hata ikapata kuchafuka.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkiandika kuhusu mifumo hii, msiishie kwenye neno bure. Andikeni na tarehe, kama mnavyoandika tarehe ya mwisho ya kulipa kodi. Debian 12, kwa mfano, huduma yake kamili ya usalama ilipangiwa kuishia Juni 2026, na ile ya muda mrefu Juni 2028. Andikeni pia kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, yaani zenye prosesa za kizamani, maana nyingi za namna hiyo bado zimo majumbani na watu wanazinunua mnadani bila kujua.

Mmoja wa wake wenza wangu ni wa biti 32. Atakaa na toleo la 12 mpaka siku yake ifike, kisha nitamchomoa waya wa intaneti, abaki kunipigia taarabu jioni.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga.