Maua ni ya Hapahapa Mwanza, Sasa Mbona Bei Hiyo?

Swali hili sisi tunaopanda maua na kupamba harusi hapa Mwanza tunaulizwa kila msimu wa harusi, ila safari hii limekuja na maneno mazito. Mweka hazina wa kamati moja ya harusi ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wanakamati kwamba tumewapiga. Hoja yake: alizeti na zinia zinaota zenyewe Kisesa mvua ikinyesha, hazina nauli ya Arusha wala Nairobi, iweje tuwachaji hivyo? Bibi harusi alifurahi, mama yake alitushukuru palepale ukumbini, lakini ujumbe umeshazunguka na wateja wengine wanakuja nao dukani. Basi tujibu hadharani.

Ni kweli maua yanaota mvua ikinyesha. Ila ua linaloota lenyewe halijui harusi yako ni tarehe ngapi. Alizeti ya kukata huchanua siku 60 hadi 80 tangu mbegu iingie ardhini, kutegemea aina na joto. Zinia nazo ni hapohapo. Gladiola inaweza kufika miezi mitatu. Ukitaka alizeti mia zifunguke kwa ajili ya Jumamosi moja, hupandi mara moja ukakaa kusubiri. Unapanda tuta, baada ya siku chache unapanda lingine, kisha lingine, kwa sababu wingu likikaa wiki nzima ua linachelewa, na jua likiwa kali linawahi. Tuta lililowahi linauzwa kwa bei ya hasara au linaishia kwa kuku. Tuta lililochelewa halina mnunuzi. Yote hayo yamo ndani ya bei ya meza yako, na hatuna sababu ya kuficha.

Kuna watu hapo husema: basi tutanunua alizeti kwa mkulima wa mafuta, anazo eka nzima. Tumeshaona mwisho wake. Familia moja ya Buhongwa ilipakia alizeti za shamba la mafuta kwenye kirikuu, wakatuletea Ijumaa mchana tuwapangie. Alizeti ya mafuta huzalishwa kwa ajili ya mbegu: kichwa kizito, shingo inainama chini, na chavua inamwagika. Asubuhi ya harusi gauni la bibi harusi lilikuwa na vumbi la njano kifuani, na mpambe wake akalifuta kwa kitambaa chenye maji, jambo ambalo huifanya chavua ishike zaidi. Chavua huondolewa kwa selotepu, unabandika na kubandua, husugui. Sisi tunapanda aina zisizotoa chavua, kichwa kidogo, shina moja ua moja. Mbegu yake ni ghali na haipatikani kwenye kila duka la pembejeo.

Halafu kuna kazi ya kukata, ambayo hakuna anayeiona kwa sababu inafanyika mji umelala. Tunakata alfajiri, maana usiku shina limejaa maji. Ndoo inaingia shambani pamoja na mkasi, ikiwa imeoshwa kwa jiki. Alizeti tunaichukua petali zinapoanza kuinuka tu. Ikishafunguka kabisa itachoka ukumbini. Zinia tunaipima kwa mkono: shika shina kama sentimita 20 chini ya ua, tikisa. Kichwa kikiyumba, bado. Ukiikata itainama leoleo. Kikisimama wima na shina zima, iko tayari. Mwanafunzi wetu wa kwanza alifikiri tunamtania mpaka alipoona ndoo mbili, iliyopimwa na isiyopimwa, zimewekwa kivulini tangu asubuhi hadi jioni.

Majani yote yatakayozama kwenye maji yanaondolewa. Jani likizama linaoza, bakteria wanaongezeka, wanaziba mirija ya shina, na ua linakauka huku limesimama ndani ya maji. Ukiona mtu anapanga maua ya harusi na maji ya ndoo yake yana rangi ya chai, mwambie amwage.

Sasa njia ya mkato inayotuumiza kichwa kuliko zote: "Sisi tutanunua boksi la waridi wenyewe Arusha, ninyi mtulipishe ufundi tu." Tuseme ukweli kuhusu waridi kwanza. Mwanza iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140 na joto letu linajulikana. Waridi la Arusha hukua kwenye baridi ya miinuko ya Meru, linakua taratibu, kichwa kinakuwa kikubwa na shina refu. Waridi letu ni dogo na linafunguka haraka. Tunalitumia kwenye shada la bibi harusi na kwenye meza, ambako harufu yake inasikika, na hatulipandishi kwenye tao la mlangoni. Anayetaka waridi kubwa tunamwagizia Arusha, na tunamwambia hivyo.

Tatizo la boksi la kujinunulia ni yale yanayotokea kati ya stendi ya Nyegezi na sisi. Waridi limesafiri usiku kucha bila maji, hewa imeingia kwenye shina. Likifika linatakiwa likatwe upya ndani ya maji, kwa mshazari, liingizwe kwenye ndoo yenye maji mengi, likae saa kadhaa penye giza na ubaridi. Usipofanya hivyo shingo inalegea, ua linainama kabla halijafunguka. Kamati moja ya Igoma ilipokea boksi lake Alhamisi, la waridi na kanesheni. Wakalihifadhi stoo, penye kivuli, wakaona wamefanya vizuri. Stoo hiyohiyo ilikuwa na mikungu ya ndizi mbivu na maembe ya karamu. Tunda linapoiva hutoa gesi ya ethilini, na kanesheni haivumilii gesi hiyo hata kidogo: inajifumba na haifunguki tena. Tulipofungua boksi Jumamosi alfajiri, kanesheni zote zilikuwa zimefumba na waridi mengi yameinama. Hakuna ufundi wa kuyafufua maua yaliyofikia hapo. Tuliwakatia zinia na selosia, zile zinazofanana na upanga wa jogoo, kwa haraka na kwa bei ya haraka. Harusi ilipendeza sana, lakini pesa ya boksi ilikuwa imepotea, na walilipa mara mbili.

Tangu hapo hatupokei maua ya mteja yaliyolala kwake. Wengine wanatuona wagumu. Ukumbini mgeni haulizi nani alinunua boksi, anauliza nani alipamba.

Lalamiko la pili ni la kubadilishiwa. Dada mmoja alichagua gladiola nyeupe kwa harusi ya mwezi wa nne. Tulimweleza kwamba masika ni msimu wa hatari kwa maua meupe, maana matone yakilala kwenye petali ukungu wa kijivu unaacha madoa ya kahawia. Akasisitiza. Tukaandika kwenye fomu yake rangi, umbo, na maua mawili ya badala, akasaini. Wiki ile mvua haikukata. Gladiola zilizosalimika hazikutosha hata meza kuu, nasi hatuweki ua lenye madoa mbele ya maharusi hata kama ndilo lililoagizwa. Tulijaza kwa tuberosi, ambayo jioni harufu yake inajaza ukumbi mzima, na zinia nyeupe. Thamani ileile. Aliona ameibiwa, na hadi leo anasema hivyo. Tunamheshimu, lakini fomu ile ipo kwa ajili ya siku kama ile, na tungefanya vilevile tena.

Kwa hiyo chagua kwa mwezi kabla hujachagua kwa picha. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, zinatupa zinia na selosia za rangi zote, na ndizo harusi zetu zenye rangi kuliko zote. Masika chukua rangi nzito: nyekundu, chungwa, zambarau. Harusi nazo hupungua kidogo kwa sababu ya Kwaresima, hivyo tunakuwa na muda wa kukaa nawe. Kiangazi, Juni hadi Septemba, petali zinakuwa safi, alizeti zinang'aa, ila kila ua limenyweshwa kwa pampu na dizeli ina bei yake. Picha ya pionia tunaletewa kila mwaka. Ua hilo linahitaji baridi kali ya kipupwe cha nchi za mbali ili lichanue, kando ya Ziwa Victoria halipo. Maua ya mkrismasi ya Desemba yanavutia mtini, ukikata tawi yanapukutika. Na wale wanaotuomba maua ya gugumaji kwa ile rangi yake ya zambarau: likikatwa linanyauka upesi, na magugu hayo si ya kubebabeba kutoka maji haya kwenda maji mengine. Ukitaka ziwa liingie ukumbini, tutakuwekea mafunjo. Yana urefu, yana umbo, bei yake ni nafuu.

Harusi za ufukweni zina gharama yake pia. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na vyombo virefu vya vioo vinaanguka kimoja baada ya kingine. Huko tunatumia mitungi mifupi yenye mchanga chini, na maua tunayashika kwa wavu wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo badala ya sponji ya kuchomekea maua. Wavu unachukua muda mrefu zaidi kufunga, lakini ua linakunywa maji halisi na wavu wenyewe tunautumia tena. Sponji ni plastiki, ikitupwa inabaki mchangani.

Ukija kutuona, njoo miezi mitatu kabla, ukiwa na tarehe, saa ya ibada au ya kufunga nikaha, na kipande cha kitambaa cha sare, maana rangi ya kwenye simu inadanganya. Nusu ya malipo tunaichukua siku tunayopanda mbegu zako, iliyobaki wiki ya harusi. Bajeti ikiwa ndogo tuambie mapema: tutaweka maua mengi kwenye shada, meza ya maharusi na mlango wa ukumbi, meza za wageni zipate mafunjo na ua moja moja. Na kama sherehe ni ufukweni, tuambie pia hema litaelekea upande gani.