Sili za nozeli za 110 yako

Tudor, Mombasa

Kwako sahibu yangu Mselem,

Salaam sana, nawe uwape wote wa hapo Likoni. Umeniuliza kama harufu ya petroli unayoisikia katika Toyota Corolla 110 yako kwenye foleni ya feri ni sili za nozeli, yaani mipira inayoziba vile vifaa vinavyopulizia petroli kwenye injini, na kama kazi yenyewe waweza kuifanya mwenyewe uani. Huenda ni hizo, na kazi waiweza. Ila usinunue kitu kabla hujajua ni mpira gani uliokufa, maana nozeli huziba sehemu mbili na kila sehemu ina dalili zake.

Juu kuna oringi, pete nyembamba ya mpira inayokaa kati ya nozeli na reli ya mafuta, lile bomba linalozigawia nozeli petroli. Hii ndiyo inayozuia petroli yenye presha. Ikikakamaa, petroli hupenya nje. Harufu huzidi gari likisimama likiwa moto, shingo ya nozeli huwa na unyevu au vumbi lililoganda, na asubuhi injini huzungushwa kwa muda mrefu kabla ya kushika. Huo ni uvujaji wa kushughulikiwa leo, kwa sababu matone yanaangukia injini yenye moto. Mpaka uutengeneze, gari hilo usiliingize kwenye feri.

Chini kuna sili ya shimo la nozeli. Kazi yake ni kuzuia hewa. Ikipasuka, injini hunyonya hewa ya wizi. Injini yako ya 5A haipimi hewa inayoingia, hupima mvuto wa ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa. Mvuto ukipungua, kompyuta hudhani umekanyaga mafuta kidogo, huongeza petroli, na injini hupanda mzunguko hali gari limesimama. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hufinya skrubu ya hewa ili mlio ushuke, na sili mbovu hubaki pale pale.

Anza na kipimo cha bure. Mwisho wa reli kuna regyuleta ya presha ya mafuta, yenye kijipaipu chembamba cha mvuto. Kichomoe. Ukikuta petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimetoboka na sili huenda hazina kosa. Kikiwa kikavu, kirudishe, washa injini, chukua chupa ya kupulizia yenye maji matupu, unyunyizie chini ya kila nozeli moja moja. Mlio ukibadilika mahali fulani, hapo pananyonya hewa. Wengi hupulizia dawa ya kabureta kwa kazi hii. Inaonyesha vizuri, lakini inashika moto, nami kwenye injini iliyochemka siikubali.

Hata ukipata moja tu mbovu, badilisha zote. Zimepikwa pamoja kwa miaka ile ile. Utahitaji oringi 4, pete nene za mpira 4 zinazokaa juu ya nozeli kabla ya oringi, sili za chini 4, na washa 2 za boliti ya bomba linaloingiza mafuta kwenye reli. Ukienda maduka ya vipuri ya Mwembe Tayari, beba moja ya zamani na nambari ya injini, na usikubali kuchaguliwa kwa macho kutoka kopo la oringi mchanganyiko. Tofauti ya unene ambayo jicho haliioni yatosha kuvujisha. Omba mpira wa Viton, unaostahimili petroli na joto kuliko mpira wa kawaida wa nitrile. Rangi isikudanganye: Viton huuzwa ya kahawia, ya kijani na hata nyeusi, na mpira wowote waweza kutiwa rangi.

Siku ya kazi iwe mchana, injini iwe baridi kabisa, na pasiwe na jiko wala sigara karibu. Weka mtungi wa kuzima moto wa poda mkononi mwako. Maji hayazimi petroli, huitawanya.

Toa presha kwanza. Usichomoe fyuzi ya EFI, ile ya mfumo wa petroli wa kompyuta, kwa sababu inazima kompyuta na nozeli pia, injini inakufa papo hapo na presha inabaki ndani ya reli. Chomoa soketi ya pampu, chini ya kiti cha nyuma, kisha washa injini uiache ife yenyewe kwa kukosa mafuta. Zungusha starti tena sekunde chache. Fungua kifuniko cha tangi, halafu toa waya wa hasi wa betri.

Kabla ya kugusa nozeli, safisha kuizunguka kwa brashi na hewa. Mchanga ukianguka kwenye shimo huishia kwenye vali. Soketi za nozeli bana klipu, usivute waya. Plastiki ya umri huo huvunjika kama biskuti. Zipe alama 1 hadi 4. Legeza boliti ya bomba la mafuta ukiwa umeifunika kitambaa, maana petroli iliyobaki itatoka. Ndipo ufungue boliti mbili za reli na kuiinua sawasawa pande zote. Chini ya reli kuna vipande viwili vya kuinulia; huanguka kimya kimya, na ukifunga bila wao nozeli hubanwa kupita kiasi.

Sili za chini mara nyingi hubaki zimeganda shimoni au hutoka vipande vipande. Zitoe kwa kijiti cha mbao au plastiki. Bisibisi huchora aluminiamu, na mchoro huo utapitisha hewa hata kwa sili mpya. Huku kwetu utakuta pia unga mweupe wa kutu ya aluminiamu, kwa hewa ya bahari na maji ya chumvi ya visima tunayooshea injini. Usugue taratibu kwa sponji ya nailoni, na matundu uyazibe kwa kitambaa safi wakati huo. Usilichokonoe tundu la nozeli kwa waya. Ukiwa na mita ya umeme, pima kila nozeli: karibu ohm 13.8 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, zaidi kidogo kwa joto letu.

Kurudisha ndiko kunakoharibu kazi. Vaa pete nene kwanza, halafu oringi, na uipake petroli au oili nyepesi safi, utando tu. Grisi hapana, silikoni hapana kabisa: petroli huilainisha na vipande vyake huziba nozeli. Oringi kavu hujikunja au hukatika ukingoni mwa reli, na huioni mpaka petroli itoke. Isukume nozeli kwenye reli huku ukiizungusha kushoto na kulia. Sili za chini na vile vipande viwili vitangulie mahali pake, kisha ushushe reli yote kwa pamoja. Boliti zikiwa bado za mkono, jaribu kuzungusha kila nozeli kwa vidole. Inayogoma ina oringi iliyojikunja. Itoe na uivalishe nyingine mpya. Kisha kaza boliti za reli kwa spana ya kipimo, Nm 15, basi.

Usiwashe injini bado. Rudisha bomba la mafuta na washa zake mpya, soketi za nozeli kwa alama zake, soketi ya pampu na betri. Kwenye Toyota hii kuwasha swichi ya ufunguo peke yake hakuendeshi pampu, hivyo tumia kisanduku cha majaribio chini ya boneti: unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa waya mfupi, ufunguo ukiwa umewashwa bila kuzungusha injini. Angalia herufi vizuri, kwani +B ukiigusisha E1, ambayo ni ardhi ya umeme, utachoma fyuzi. Pampu ikivuma, pitisha karatasi laini kavu kwenye kila shingo ya nozeli na kwenye boliti ya bomba kwa dakika 5. Karatasi ikilowa kwenye nozeli, usikaze boliti zaidi. Oringi huziba kwa kubanwa ubavuni ndani ya tundu lake. Nguvu ya boliti haiisaidii, itapinda reli tu. Fungua, weka mpya.

Pakiwa pakavu, toa ule waya, washa, na urudie maji ya chupa kwenye sili za chini. Injini ikishachemka mzunguko utulie karibu 800 kwa dakika. Ukishuka mno au injini ikizima, kuna aliyefinya ile skrubu ya hewa zamani; ifungue kidogo kidogo mpaka itulie.

Kesho yake asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha, unuse, upitishe karatasi tena. Na vijana wa kuosha magari wasielekeze maji ya presha kwenye soketi za nozeli. Ukishapata sili, nitumie picha kabla hujafungua kitu.

Wako,
Salim