Kabla hujavusha betri Idjwi

Kadutu, Bukavu
Jumapili jioni

Papa Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na kwa wazee wote wa huko kilimani, kisiwani Idjwi. Sisi huku tu wazima. Mzigo wako ulifika na boti ya Ijumaa. Mananasi matatu yalikuwa mazima; la nne watoto wanasema liliharibika njiani, ila mimi sijaona hata ganda lake.

Sasa hii habari ya betri. Umeandika kwamba kuna mtu amekutajia bei ya betri mbili za jeli, yaani za risasi, za kutunza umeme wa paneli zako za jua, ampea-saa 200 kila moja (ndicho kipimo cha umeme unaoingia ndani), na kwamba bei ni nzuri mno. Hilo neno "mno" ndilo lililonitoa kitandani kutafuta kalamu. Usilipe bado.

Unakumbuka ile betri niliyonunua mwaka mvua ilipobomoa ukuta wa jiko letu? Kwenye kibandiko iliandikwa 200. Muuzaji akaniambia, "Papa, hii batri utaiachia watoto." Nikaitia begani peke yangu, nikapanda nayo kilima chote cha Kadutu, nikafika nyumbani nikijisifu kwamba uzee bado haujanipata. Kumbe! Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200, ikiwa ya kweli, inakaribia kilo 60, maana umeme wake unatunzwa ndani ya risasi yenyewe, na risasi haijui kuwa nyepesi. Yangu haikufika hata 30. Ilikuwa betri ndogo iliyovalishwa jina la kubwa, na baada ya miezi saba ilikuwa kiti cha kukalia. Kwa hiyo huyo mtu wako mwambie azipandishe kwanza kwenye mizani ya wanunuzi wa kahawa, kisha ndipo mzungumze bei.

Hata zikiwa za kweli, bado naona umeanzia dukani wakati ulipaswa kuanzia nyumbani. Nimekuhesabia mimi mwenyewe kwa yale niliyoyaona nilipokuja arusini. Taa tano za wati 7, saa tano kila usiku: wati-saa 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne: 160. Simu kumi za wateja unazowachajia, tuseme 15 kila moja: 150. Mashine ya kunyolea ni kitu kidogo, nayo tuipe 15. Mpaka hapo ni 500. Halafu ile frigo. Kwa jinsi mlango wake unavyofunguliwa na kila mwenye kiu ya bia ya Primus, naikadiria 700 kwa siku, yaani peke yake inakula kuliko vingine vyote kwa pamoja. Jumla 1,200. Ukitaka kuvumilia siku mbili za mawingu bila kulala gizani, unahitaji 2,400.

Hesabu ya betri ni kuzidisha tu: volti 12 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 2,400. Lakini betri ya risasi huitoi yote. Ukiishusha chini ya nusu kila siku unaikatia maisha. Betri mbili ni 4,800, nusu yake 2,400. Basi kwa idadi muuzaji wako hakukosea, haki yake nampa. Mimi ninachoogopa ni mvua.

Toka Septemba mpaka Mei unajua jua letu lilivyo, linachungulia na kurudi. Betri ya risasi inataka kujazwa mpaka juu kabisa, na ile sehemu ya mwisho huingia polepole sana, saa kadhaa, hata jua likiwaka namna gani. Ikilala nusu tumbo wiki baada ya wiki, chumvi iitwayo salfeti inaganda kwenye bamba zake za risasi, inakuwa ngumu kama chokaa ndani ya birika, na pale ilipoganda umeme hauingii tena. Betri yangu ya kwanza kabisa, ile niliyoitunza kama mtoto mchanga, ndivyo ilivyokufa. Nilidhani naionea huruma kwa kuitumia kidogo, kumbe haikuwahi kushiba. Mafundi husema betri ya aina hii ipewe mkondo wa kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Hizo mbili ukizifunga kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, volti zinakuwa 24 lakini ampea-saa zinabaki 200, basi ni ampea 20. Paneli zako mbili, kwa pamoja wati 400 kwa maandishi, hazitafika 15 hata saa sita mchana bila wingu.

Ndiyo maana nakuambia utazame lithiamu, ile ya chuma na fosfeti. Yenyewe kulala nusu tumbo haiidhuru hata kidogo. Unaweza kuchota sehemu nane au tisa katika kumi bila kuiumiza, na inajazwa na kutumiwa mara elfu mbili, tatu na zaidi, wakati ya risasi kwa matumizi ya nusu inahesabu mamia. Moja ya volti 25.6 na ampea-saa 100 ina wati-saa 2,560. Inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani, nayo ina chakula chake, hivyo jioni ya pili ya mawingu zima frigo mpaka asubuhi, bia haiozi. Uzito wake ni kama kilo 25: kijana mmoja anaitoa botini mpaka kwako. Hizo za jeli ni kilo 120 za kupandisha kilima kile chenye utelezi.

Bei? Wiki jana niliuliza hapa mjini. Ilizidi hizo mbili zako kwa kiasi cha mbuzi wawili. Nilipomweleza shemeji yangu wa Kolwezi kwenye simu, alicheka sana: wao wanachimba kobalti ya kutengenezea betri usiku na mchana, na mimi namsifia betri isiyo na kobalti hata chembe!

Lakini usiifunge ovyo. Regulata yako, ile inayoongoza umeme wa paneli kuingia betrini, itazame kama ina mpangilio wa lithiamu. Kama haina, ibadilishe. Ndani ya betri mna kifaa kinachoilinda, kinakata chenyewe umeme ukishuka sana, na kikikata betri inaonekana imekufa. Usimruhusu fundi kuifungua, iunganishe tu na chaji inayofaa. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Inveta nafurahi hujanunua: chukua ya volti 24. Wati 800 kwa volti 12 ni ampea 67 katika waya, kwa 24 ni 33 tu, na waya mnene wa shaba unajua unavyouzwa. Tena iwe na kifua, kwa sababu kompresa ya frigo ikiamka inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

Kama fedha haitoshi, anza bila frigo. Najua Mama Neema hatanisamehe kwa hilo, basi mwambie ni mawazo yako.

Sasa geuza frigo, usome kile kibandiko cha nyuma, uniandikie namba iliyo mbele ya herufi W na ile ya kWh kama ipo. Hiyo 700 niliikisia tu, na ikiwa ni 1,000 hesabu yote inabadilika. Alhamisi nikipata nafasi botini nitakuja na kipimo changu. Huyo mtu wa betri akija kabla yangu, mpe kiti, mpe chai, ila pesa zibaki kwa mama.

Ndugu yako,
Papa Riziki