Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makinga Maji kwenye Miteremko ya Buhigwe

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini; mimi nabaki shambani. Kazi iliyotuchosha mwaka huu ni makinga maji, yaani mifereji na matuta ya kuzuia maji mteremkoni, na mengi yaliyobomoka yalipimwa kwa macho. Kwenye mteremko jicho hudanganya. Mfereji ukizama kidogo sehemu moja, maji ya urefu wote hukimbilia hapo, tuta likapasuka, korongo likaanza.

Kwa hiyo fremu A, kifaa cha kupimia usawa, si ya hiari. Miti miwili ya mita 2 ifungwe juu, mwingine uikatize katikati, uzi wenye jiwe uning'inie toka kileleni. Weka alama uzi unapogusa mti wa katikati. Geuza fremu miguu ibadilishane nafasi pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa: uzi ukigusa hapo, miguu yote iko kimo kimoja. Kamba ikilegea, anza upya. Siku ya upepo tafuta jiwe zito.

Fanya juu, aina ya kinga maji, ni mfereji wa sentimita 60 upana na 60 kina. Udongo hutupwa upande wa juu, ukiacha ukingo wa sentimita 30 hivi usije ukarudi mferejini. Tuta lipandwe mabingobingo, vipande vya pingili tatu, mbili ziingie ardhini. Yasipokatwa mara kwa mara yatagombea maji na mahindi. Penye udongo mwembamba juu ya mwamba usichimbe, panga mawe.

Zamani shamba lilipumzishwa. Leo ardhi imebana. Wamatengo wa Mbinga walibanwa na milima mapema, wakabuni ngoro: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba, udongo wa katikati ukachimbwa na kuzifukia, likabaki shimo la kushika maji. Maharage hutangulia, mahindi yakafuata. Ndivyo inavyofaa, maana nyasi zinapoanza kuoza hunyang'anya udongo naitrojeni, na maharage hujipatia yao hewani. Sisi nyasi hizo hizo tunazichoma, kisha tunalalamikia bei ya mbolea.

Kilichobaki kigumu ni mipaka. Mashamba mengi ni vipande virefu toka kilimani hadi bondeni, na kontua, mstari wa usawa ambao mfereji huufuata, inavikatiza vyote. Mmoja akikataa, mfereji huishia mpakani na maji humwagikia kwake. Kamati inapendekeza wa mteremko mmoja wapime siku moja na kuchimba kuanzia juu; kinga la chini likitangulia litabeba maji ya kilima kizima. Mvua ni Novemba. Majina ya vikundi yamfikie katibu kabla Julai haijaisha.